Gololi za kioo za zamani: ya mkono ya Ujerumani au ya mashine ya Marekani, ipi uchukue

Weka gololi mbili juu ya taulo, taulo nasema kwasababu mezani zinabingirika na ikishagusa sakafu umeshapoteza hela. Ya kwanza ni kubwa, upana unakaribia milimita 40, Mjerumani huyo, ametengenezwa kwa mkono kabla ya vita kuu ya kwanza, ndani kuna kiini cha nyuzi nyeupe zilizopishana kama wavu wa samaki na juu yake mikanda ya waridi na buluu, ila ganda lote limejaa alama za kugongwa, vile vinusu mwezi vidogo, na ubavuni kimebanduka kipande sawa na punje ya mchele. Ya pili ni ndogo, milimita 16 tu, ya kiwandani, kiwanda cha Marekani kinaitwa Akro Agate, mwili mweupe wa maziwa, mstari mwekundu uliokolea kama damu ya ng'ombe unaizunguka kama uzi wa parafujo, na uso unang'aa utadhani umeitoa kwenye maji sasa hivi. Mwenye mali anakwambia bei ni moja, chagua.

Wengi wanakimbilia ile kubwa, ni ya zamani zaidi, ni ya mkono, ina hadithi. Mi nachukua ndogo, na sio kwamba sizipendi za Kijerumani, nazipenda sana, ila kwenye gololi umri peke yake haununui kitu, kinachonunua ni ganda lilivyo kwanza, halafu uhaba wa aina yenyewe, halafu rangi na ukubwa, umri unakuja nyuma huko. Nimeona watu wazima wanaumia moyo kwa kutojua hili, ndo maana nataka tuzipange upande kwa upande taratibu.

Kwanza ujue unachoshika ni nini

Tofauti kubwa kuliko zote ni kovu. Gololi ya mkono ilianzia kwenye fimbo ya kioo, fundi anapanga nyuzi za rangi, anafunika na kioo kingine juu, anaipasha moto, anaisokota, halafu anakata kipande kimoja kimoja kwa mkasi maalum wenye kikombe unaoiviringa ikawa duara. Mkasi huo ulibuniwa Lauscha, kule Thuringia Ujerumani, mwaka 1846, na anayetajwa ni Elias Greiner. Sasa kila ilipokatwa inabaki alama, kwahiyo gololi ya fimbo ina makovu mawili, moja kila ncha, kama kitovu vile. Ukipitisha kucha unalisikia, lina ukwaru kidogo, kwa nyingine limesagwa likawa tambarare na ukiliinamisha kwenye mwanga unaona sehemu iliyofifia yenye pande pande. Na angalia nyuzi za ndani, zote zinaanzia kovu hili zinaishia kovu lile, haziendi ovyo. Kuna chache zina kovu moja tu, hizo ama zilitengenezwa moja moja kwenye ncha ya chuma ama ndo zilikuwa za mwanzo au mwisho wa fimbo, na za mwisho wa fimbo unazitambua nyuzi zimekatika ghafla katikati ya kioo kama kamba iliyokatwa kisu. Hizo wakusanyaji wanazigombania.

Ya mashine haina kovu la namna hiyo. Martin Frederick Christensen wa Akron, Ohio, alipata hataza ya mashine yake mwaka 1905, wazo lake ni rola zenye mifereji zinazoiviringa tonge la kioo moto mpaka linakuwa duara kamili lenyewe. Mwanzoni bado kulikuwa na mtu anachota kioo kwa fimbo na kulidondosha, mwingine anakata, kwahiyo zile za mwanzo zina kitu katikati, sio kovu la ukwaru bali ni alama ya mkato upande mmoja, na upande wa pili rangi imejikunja kama tarakimu 9. Ukishaiona hiyo 9 mara moja hutaisahau, mkia wake unashuka pembeni mpaka kwenye mkato. Ilipofika vita ya 1914 mzigo wa Ujerumani ukakatika, viwanda vya Marekani vikajaza pengo, na baada ya hapo Wajerumani hawakurudi tena pale walipokuwa.

Kwahiyo vifaa vya kuanzia ni lensi ya sonara ya mara 10, tochi, na kalipa ya kupimia, basi. Wakusanyaji wengi bado wanapima kwa inchi, ukisikia 5/8 hiyo ndo milimita 16, saizi ya kawaida kabisa ya kuchezea.

Wajerumani wao kwa wao

Hapa usidhani zote ni sawa. Zile zenye kiini cha wavu ndo nyingi kuliko zote, na wavu mweupe ndo wa kawaida, wa njano unafuata, ukikuta wa kijani tulia uangalie tena, ukikuta wa buluu au mwekundu usiuachie. Zikilingana ukubwa na uzima, wavu mwekundu utauacha mweupe mbali sana, na mtu asiyejua anaziweka kwenye bakuli moja.

Ganda la kitunguu ni nyingine, hiyo haina nyuzi zilizopangwa bali vipande vya rangi vilivyotandazwa juu ya kiini na kuvutwa mpaka vikawa mistari membamba membamba, kweli inafanana na kitunguu ulichokimenya nusu. Ya kawaida ni nzuri, yenye chenga za ulanga, yaani madini ya mica, zinazometameta ndani ni nzuri zaidi, na yenye mabonde, yaani kiini chenyewe kimegawanyika kama chungwa lenye pande, hiyo ni daraja lingine kabisa. Mimi nikilinganisha ganda la kitunguu lenye ulanga na gololi ya wavu mweupe za saizi moja, sifikirii mara mbili.

Halafu kuna zinazoitwa Lutz, zina mikanda ya vumbi la dhahabu. Sio dhahabu, ni chembe za shaba ndani ya kioo, na jina limetokana na Nicholas Lutz, fundi wa kioo aliyefanya kazi kiwanda cha Boston & Sandwich huko Marekani, ambaye gololi hizi hakutengeneza yeye, ni za Ujerumani, ila jina limeshagoma kutoka. Ukitofautisha na ulanga, ulanga unametameta kama chenga za fedha zilizotawanyika, shaba inatandaa kama vumbi laini la rangi ya dhahabu kwenye mkanda. Lutz siku zote iko juu ya ndugu zake wa kawaida.

Na zile zenye sanamu ndani, kioo kisicho na rangi kinachopitisha mwanga na katikati kuna mnyama anang'aa kama fedha. Huo ufedha ni hewa nyembamba iliyonaswa kati ya sanamu na kioo, sanamu yenyewe ni nyeupe. Mbwa, kondoo, simba, dubu, hao wapo wengi. Mtu, tarakimu, sanamu mbili kwenye gololi moja, sanamu iliyopakwa rangi, au kioo chenyewe kuwa na rangi, hizo ndo adimu. Linganisha pia sanamu ilivyokaa, aliyekaa katikati amesimama wima anamshinda aliyelala upande karibu na ganda hata kama ni mnyama yule yule.

Wamarekani, hapa ndo nanogewa

Za M.F. Christensen zenye ile 9 ni za slagi, rangi moja inayopitisha mwanga imechanganyika na nyeupe, zambarau, kijani, kahawia, buluu. Kiwanda kilifungwa 1917. Akro nao walitengeneza slagi, na ndo utaziona nyingi zaidi, ila nyingi zake hazina ile 9 nzuri wala mkato ulio wazi. Ukiwa na mbili mkononi, zambarau zote, moja ina 9 safi na mkia na nyingine rangi imetapakaa tu, chukua yenye 9. Rangi ya chungwa kwenye slagi ni ngumu kupata kuliko zambarau na kahawia, hiyo nayo uiweke kichwani.

Akro Agate yenyewe ilianzia Akron ikahamia Clarksburg, West Virginia, mwaka 1914, ikafungwa 1951. Umaarufu wao ni ile ya parafujo. Mkondo wa kioo moto ulikuwa unazungushwa kabla ya kukatwa, kwahiyo rangi mbili au zaidi zinapanda zikizunguka toka ncha moja mpaka nyingine bila kuingiliana. Ukiona mzunguko huo kwenye gololi ya zamani ya mashine karibu kila mara ni Akro. Rangi mbili za kawaida, nyeupe na nyekundu kwa mfano, zipo tele na ni mahali pazuri pa kuanzia. Rangi tatu zinapanda, rangi nne zinapanda zaidi.

Ila damu ya ng'ombe ndo niipendayo, ngoja nikuoneshe jinsi ya kuitofautisha na nyekundu ya kawaida maana hapa wauzaji wengi wanachanganya, wengine kwa kutojua. Nyekundu ya kawaida ni nyekundu tu, inafanana na rangi ya kucha. Damu ya ng'ombe imeiva kama ini, mwanga haupenyi hata ukiisogezea tochi, na ukiweka lensi unaona vijishipa vyeusi vimelala ndani ya ule wekundu, vyembamba kama unywele. Hakuna vijishipa vyeusi? Basi nina shaka. Ile niliyoisema pale mwanzo kwenye taulo, vijishipa vilikuwepo, ndo maana sikusita.

Peltier wa Ottawa, Illinois, hao hawana parafujo, wao ni mikanda iliyotandikwa kuzunguka mwili. Hapa thamani yote iko kwenye mpangilio wa rangi, na wakusanyaji wamezipa majina, mwili wa buluu wenye mikanda nyekundu na njano ndo Superman, nyeupe yenye nyekundu na kijani ni mti wa Krismasi. Umbo ni lile lile, kiwanda kile kile, lakini Superman na yenye mwili mweupe na rangi moja ya mkanda haziko nyumba moja kwa bei.

Halafu Christensen Agate wa Cambridge, Ohio. Jina linafanana na yule wa 1905 ila ni kampuni tofauti, usiyachanganye. Hawa walidumu miaka michache tu, kuanzia 1925 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1930, na rangi zao zinawaka kiasi kwamba ukizichanganya na gololi mia moja za viwanda vingine jicho linazifuata lenyewe. Zile za ndimi za moto, na zile za kanga. Jina la kanga limekaa hasa, ni yule ndege mwenye madoa, mwili wa kioo kinachopitisha mwanga na juu yake madoa ya kila rangi yamevutwa kidogo. Ya mwili usio na rangi, ya buluu nzito na ya kahawia ya asali ndo zinazoonekana, ya kijani na nyekundu ni nadra mno. Madoa ya kanga yako juu ya ganda, yakiwa yamezama ndani inaitwa Cobra, na hiyo ni nadra tena zaidi. Sasa kwasababu zina bei watu wanaziiga, kwahiyo kanga usinunue kwa picha kama ndo unaanza, nunua kwa mtu anayekubali kurudishiwa.

Kwahiyo ukiniuliza parafujo ya Akro au mkanda wa Peltier kwa anayeanza, nasema parafujo, ni rahisi kuitambua na ni vigumu kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Peltier inataka uzoee rangi kwanza.

Jicho la paka silimalizi hata aya moja. Lile pangaboi la rangi ndani ya kioo kisicho na rangi, lilitoka Japani mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, baadae viwanda vya Marekani vikaiga. Yalitengenezwa kwa wingi usio na hesabu. Wape watoto wacheze. Na zile zenye uso wa mafuta mafuta unaobadilika rangi kama petroli juu ya maji, hizo ni za kisasa, Vacor ya Mexico imetoa nyingi sana.

Nzima dhidi ya iliyosagwa

Hapa ndo hela inapotea. Wakusanyaji wanatoa alama kati ya 1 na 10, kuanzia 9 kwenda juu ni kama ilivyotoka kiwandani, 8 ina mikwaruzo midogo isiyogusa macho, ikishuka chini ya 7 unaanza kununua gololi iliyochezewa. Kutoka 9 kwenda 8 bei inaweza kushuka nusu au zaidi kwenye aina za kawaida, na ikiwa na kipande kilichotoka ndo inashuka kama jiwe. Aina iliyo nadra sana inasamehewa zaidi, kwasababu utaipata wapi nyingine.

Ila usihukumu kila kasoro. Gololi ya mashine inaweza kuwa na mkunjo, mstari baridi (alama ya kioo kilichoanza kupoa), au kishimo ilichozaliwa nacho, hicho sio jeraha. Jeraha lina ncha kali na ndani yake linang'aa upya kama chupa iliyovunjika, mkunjo wa kuzaliwa kingo zake zimeyeyuka zikawa mviringo. Lensi inakuonesha hapo hapo.

Sasa iliyosagwa upya, yaani ganda limesagwa na kung'arishwa ili kufuta majeraha. Niliwahi kununua ganda la kitunguu lenye ulanga kwa picha, picha zinang'aa macho yakanitoka, nikalipa bila kuuliza. Ilipofika nikaiweka chini ya lensi, makovu yote mawili hakuna, yaani ncha zote laini kama kidevu cha mtoto, na usoni kuna vitundu vidogo vidogo kama vya sindano. Vitundu hivyo ni mapovu ya hewa yaliyokuwa chini ya ganda, ganda likishasagwa yanafunuka. Nilimuuliza muuzaji akasema yeye hakusema haijasagwa. Toka siku hiyo swali langu la kwanza ni hilo, imesagwa au haijasagwa, na naomba picha ya ncha zote mbili ikiwa kavu, maana maji au mafuta kidogo yanaficha mikwaruzo yote kwenye picha.

Kati ya gololi yenye vinusu mwezi vichache lakini ganda lake halisi, na ile ile iliyosagwa ikawa kioo cha dirisha, chukua yenye vinusu mwezi. Ya pili imeshapoteza ushahidi wake. Na kwa kanga au damu ya ng'ombe ni mbaya zaidi, rangi ndo iko juu pale, ukisaga unasaga rangi yenyewe.

Ya kweli dhidi ya feki

Peltier walitoa gololi za katuni za magazetini, sura 12 tofauti, picha nyeusi imechomwa kwenye kioo kwa moto. Zinazotafutwa zaidi ni zenye sura za wahusika Kayo na Moon. Ya kweli picha imekuwa sehemu ya kioo, ukipitisha kucha haikwami wala haitoki, na gololi yenyewe ni ya rangi mbili ya Peltier. Feki picha imebandikwa au kupigwa chapa juu ya gololi ya kisasa, ukikwaruza kidogo inaachia. Kwahiyo kabla hujaangalia sura ya katuni angalia gololi iliyobeba hiyo sura.

Za sanamu nazo zinatengenezwa mpaka leo na mafundi waaminifu wanaoweka sahihi yao karibu na kovu. Tatizo ni anayeisaga ile sahihi akauza kama ya karne ya 19. Gololi kubwa ya zamani iliyochezewa na watoto ikakosa hata mkwaruzo mmoja, na sanamu yake ni ya ajabu, na bei ni ya kutupa, hebu jiulize.

Taa ya UV, ile ya kukagulia noti, inasaidia kidogo tu. Kioo chenye urani kinawaka kijani, na baadhi ya Akro zinawaka vizuri sana, ila kuna kioo cha kisasa nacho kinawaka, kwahiyo mng'ao sio cheti cha umri.

Mifuko na maboksi ya zamani yana thamani yake, mara nyingine boksi linazidi gololi zilizomo. Lakini kuna watu wanachukua lebo ya zamani wanaifunga kwenye mfuko mpya wenye gololi mpya. Angalia pini zilizofungia, kutu yake imeacha doa kwenye karatasi au imeng'aa jana?

Bei sasa. Usiangalie bei mtu aliyoandika, mtu anaweza kuandika anachotaka, angalia zilizouzwa kweli kwenye minada, aina ile ile, saizi ile ile, alama ile ile. Saizi usiipuuze, ya mashine ikivuka inchi moja inaanza kuwa nadra maana mashine nyingi zilikuwa zinatoa ndogo, wakati Mjerumani wa inchi moja ni wa kawaida tu, akivuka inchi mbili ndo unakaa kitako.

Kwahiyo kama hela yako ni ya kununua moja tu na ndo unaanza, chukua parafujo ya Akro ya rangi tatu iliyo nzima. Kama umeshanunua kumi na jicho limezoea, hapo tafuta Mjerumani mdogo mzima mwenye makovu yake yote mawili, mdogo mzima nasema, sio mkubwa aliyepigwa. Na kama umeachiwa bakuli zima na bibi au babu, usioshe kwa dawa yoyote, maji vuguvugu na sabuni ya kawaida yanatosha, moja moja, kausha kwenye taulo, halafu ndo uanze kutafuta makovu.